Igeuze Upande, Bado Inafanya

Wiki mbili zilizopita niliweka video ya programu yenye mistari minane. Niliiendesha, ikaandika 1. Nikaigeuza yote upande, kilichokuwa mstari kikawa safu na kilichokuwa safu kikawa mstari, nikaiendesha tena. Ikaandika 1. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu na video ikaisha hapo. Komenti iliyopata laiki nyingi kushinda hata video yenyewe ilitoka kwa msee mmoja: "Sawa buda, lakini hii inasaidia nani?"

Nilianza kumjibu nikafuta. Nikaanza tena nikafuta. Jibu fupi ni kwamba haisaidii mtu. Jibu refu lina mathe ndani yake, lina pesa ya karo, na lina miezi 7 ambayo nilikuwa mwongo wa kila siku. Hiyo huwezi kuibana kwenye komenti. Kwa hivyo nimekaa chini, hii hapa.

Programu yenyewe ni hii:

#p######
print(1)
#i
#n
#t
#(
#1
#)

Ni Python. Kama hujawahi kuandika programu maishani, kuna vitu viwili tu vya kujua. print(1) inaiambia kompyuta iandike 1. Na ile alama ya heshi, ile unayomalizia nayo ukipiga *144# kuangalia salio, inaiambia kompyuta: kuanzia hapa hadi mwisho wa mstari, usisome. Sasa angalia tena. Mstari wa kwanza unaanza na heshi, haussomwi. Wa tatu hadi wa nane, heshi, haisomwi. Unaosomwa ni mmoja tu, wa pili.

Kugeuza ninakosema si kuzungusha simu ikalala. Fikiria rejista ya darasa. Majina yanateremka upande wa kushoto, siku za wiki zimejipanga juu. Anakuja mwalimu mwingine anataka siku ziteremke kushoto na majina yapande juu. Hakuna tiki inayopotea, kila moja inahamia mahali pake: iliyokuwa mstari wa 3 safu ya 5 sasa iko mstari wa 5 safu ya 3. Kona ya juu kushoto haiendi popote. Na chochote kilicho kwenye ulalo unaoteremka kutoka hiyo kona nacho kinabaki palepale. Ukigeuza mara mbili, umerudi ulikotoka.

Programu ya kawaida ukiifanyia hivyo inakufa. print(1) inakuwa mnara wa herufi moja moja, Python inafika kwenye ile p ya kwanza inauliza, p ni nani? Na inakataa kuendelea. Lakini hii yangu, soma safu ya kwanza kutoka juu kwenda chini: heshi, p, heshi sita. Ni sawa na mstari wa kwanza. Soma safu ya pili: p, r, i, n, t, mabano, 1, mabano. Iko! Kwenye neno zima la print(1), herufi pekee ambayo haihami ni r, kwa sababu imekalia ulalo. Zingine zote zina pacha wake upande wa pili.

Huu mchezo unaitwa gofu ya msimbo. (Nasema msimbo kwa sababu nikisema kodi mtafikiri ni ya landilodi ama ya KRA.) Mjomba wangu alibeba mifuko ya gofu miaka mingi pale kwenye klabu iliyopakana na Kibra, na yeye ndiye aliniambia nikiwa mdogo kwamba kwenye gofu anayepiga mpira mara chache ndiye mshindi. Haikuniingia. Mchezo gani huo unashinda kwa kuwa na alama kidogo? Kwa msimbo ni hivyo hivyo. Mnapewa kazi moja, kila mtu anaandika programu, halafu mnahesabu baiti, yaani herufi, nafasi, na hata kule kuruka mstari. Mwenye baiti chache ameshinda. Wazee wa Perl waliupenda huu mchezo mapema sana, na sishangai, Perl hata ikiandikwa kwa adabu inakaa kama paka amelala kwenye kibodi.

Siku hizi kuna lugha zimetengenezwa kwa ajili ya huu mchezo tu, kama GolfScript na Jelly, ambazo kazi ya mistari kumi ya Python zinaimaliza kwa alama tatu. Kwa hivyo ili mambo yasiwe rahisi sana watu wanaweka masharti. Programu lazima ifanye hata ikisomwa kinyumenyume. Programu lazima ifanye hata ukitoa herufi yoyote moja. Programu lazima ifanye hata ikigeuzwa. Sharti la mwisho ndilo lilinishika.

Nilikutana na huu mgeuzo mwaka wa pili chuoni, kwenye somo la matriksi. Lekchara aliandika herufi A ubaoni, akaiwekea T ndogo begani, akasema ukigeuza kilichogeuzwa unarudi mwanzo, kisha akafuta. Niliandika kwa daftari. Ni kati ya vitu vichache vya muhula huo ninavyovikumbuka, kwa sababu muhula uliofuata sikuwa huko.

Kwa nini niliacha si hadithi ya leo, na si ya maajabu. Nilikuwa nafeli. Video zilikuwa zimeanza kuniletea pesa kidogo, kidogo kweli. Na nilikuwa naona haya kusema hayo mawili kwa sauti. Hakuna mtu alinifukuza, hakuna mtu alinionea. Siku moja nilikosa darasa, wiki ikaisha, mwezi ukaisha.

Programu niliianza usiku mmoja kwenye keja, stima imepotea, laptopu ina asilimia 30 na bando limeisha. Hakuna cha kuedit, hakuna cha kuskroli. Jaribio la kwanza lilikuwa hivi:

print(1)
r
i
n
t
(
1
)

Ni baiti 22. Ukiigeuza ni ileile. Nikaiendesha, ikaandika 1, nikapiga kofi kwa mguu. Halafu chini yake maandishi mekundu yakamwagika: r haijulikani. Yaani inajibu vizuri kabisa, kisha inaanguka. Wachezaji wengi wa gofu hawajali hilo, jibu likishatoka hayo mengine ni yako na Mungu wako. Mimi lilinikera. Nilitaka imalize kama mtu mwenye heshima zake.

Ilinichukua hadi betri ikafa, nikamalizia asubuhi. Shida ni hii: ukiweka heshi mbele ya zile herufi zilizobaki upande wa chini ili zinyamaze, heshi hizo zinakuwa safu, na ukigeuza zinakuwa mstari mzima unaokaa juu. Hiyo ni sawa, mstari wa heshi haudhuru mtu. Lakini mstari wenye programu nao unahitaji kitu mbele yake kisicho heshi. Ukiweka nafasi tupu Python inakasirika, haipendi mstari uliojongezwa ndani bila sababu. Nilizunguka hapo masaa. Jibu lilikuwa kuacha p yenyewe isimame pale ambapo heshi ingesimama. Kwenye mstari wa kwanza hiyo p inakaa kimya kati ya heshi, hakuna anayeisoma. Ukigeuza, ndiyo inafungua programu.

Jumla, baiti 35. print(1) peke yake ni 8. Kwa hivyo 27 ni za nini? Haziandiki kitu. Haziongezi kitu. Ziko pale ili programu isomeke kutoka upande wa pili bila kuanguka. Kumbuka hiyo hesabu, nitairudia.

Kuna lugha ambazo hii kazi ni mteremko. Mwaka 1993 Chris Pressey alitengeneza Befunge, lugha ambayo programu si orodha ya mistari ila ni uwanja. Kisomaji kinaanza kona ya juu kushoto kikielekea kulia, na kikikutana na mshale kinageuka: juu, chini, kushoto, popote. Huko unaandika hivi tu:

1.@
.
@

Chukua 1, nukta inaiandika, na ile alama ya barua pepe inasimamisha kila kitu. Hizo mbili za chini hazifikiwi kamwe hadi ugeuze. Baiti 7! Haihitaji heshi kwa sababu kisomaji hakifiki huko. Na kwa lugha ya C kuna ujanja wa mkwaju wa kurudi nyuma mwisho wa mstari, unaounganisha mstari na unaofuata, kwa hivyo neno unaweza kulikata vipande likateremka kama ngazi na C ikalisoma zima. Naiheshimu Befunge. Lakini siipendi kama ninavyoipenda ile yangu ya heshi. Befunge haina cha kuficha.

Kabla sijafika kwa mathe, wacha niwaonyeshe kitu nje ya kompyuta, maana hii tabia ni ya zamani kuliko umeme. Kule Pompeii, mji wa Waroma uliofunikwa na majivu ya Vesuvius mwaka 79, walikuta mraba wa herufi umekwaruzwa kwenye nguzo. Maneno matano ya Kilatini, kila moja herufi tano, yamepangwa moja juu ya lingine, na ukisoma kwenda kulia ama kushuka chini unapata maneno yaleyale. Ni huo mgeuzo wetu. Lingine la kuudhi ni kwamba unasomeka hata kinyumenyume: kuna SATOR upande mmoja na ROTAS upande mwingine. Neno moja kati ya hayo matano, AREPO, halipatikani kwingine kwa maana inayokubalika na wote, inaonekana aliyeandika alihitaji herufi tu akasema na liwe neno. Hapo nilimpenda. Huyo ni mtu wa gofu.

Nikajiuliza, Kiswahili je? Kwa silabi ni rahisi kabisa. Andika LI-MA, chini yake MA-LI. Soma kwenda kulia: lima, mali. Soma kushuka: lima, mali. Watu wa Pwani hawatashangaa, wana kinyume chao cha kuhamisha silabi tangu zamani, mtoto anaongea na mwenzake na wewe mtu mzima umesimama hapo kama mgeni. Lakini kwa herufi moja moja Kiswahili kinakupiga ukuta, na ilinichukua muda kuona ukuta wenyewe ni upi. Maneno yetu yanaisha na irabu. Kama kila mstari unaisha na irabu, basi safu ya mwisho yote ni irabu. Na safu ya mwisho ndiyo mstari wa mwisho. Kwa hivyo lazima upate neno lisilo na konsonanti hata moja.

Mbili kwa mbili: UA, AU. Ua la maua, au ya kuchagua. Sawa. Tatu kwa tatu nilipata kwenye matatu ya kwenda Nakuru, kwenye safari ambayo sikutaka ifike:

PIA
IKO
AOE

Aoe, kama vile shangazi zako wanavyosema ukikaa sana bila kuleta mtu nyumbani. Hakuna mahali pengine ningepata neno la irabu tupu haraka hivyo.

Safari hiyo ndiyo ile.

Mathe ni fundi wa nguo. Ana kibanda na cherehani ya miguu, anashona sare za shule zaidi, na magauni ya harusi msimu ukifika. Ananiita baba, kwa sababu nina jina la babake. "Umekula, baba?" ndiyo salamu yake ya simu, kabla ya hujambo. Muhula ule niliokuwa nimeshaacha chuo, alinitumia 18,500 ya karo. Kwa kawaida anatuma kwangu mimi nalipa, ndivyo tulivyozoea. Ile pesa ilikaa kwa simu yangu siku nne. Siku ya tano nilinunua simu ya kurekodia na ile taa ya duara. Nilijiambia ni mtaji. Nilijiambia nitarudisha kabla ajue. Mnaijua hiyo sentensi.

Baada ya ile programu ya kwanza nilifanya ya pili. Angalia vizuri, ni herufi moja tu imebadilika:

#p######
print(1)
#i
#n
#t
#(
#2
#)

Ukiisoma hivi inaandika 1. Ukiigeuza inaandika 2. Baiti ni zilezile 35. Niliikamilisha, nikaiangalia, nikahisi joto likipanda shingoni. Kwa sababu huyo nilikuwa mimi. Mathe ananisoma kwenda kulia, anapata mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wafuasi wananisoma kushuka, wanapata msee aliyeamua kufuata ndoto yake na anawaambia nanyi mnaweza. (Ndiyo, ile video niliifuta. Naomba msamaha kwa yeyote aliyeichukulia kwa uzito.)

Na zile herufi 27? Hizo ndizo zilinimaliza. Watu wanafikiri uongo ni lile neno moja unalosema. Neno ni rahisi. Kazi ni heshi. Kila wiki nilikuwa namuuliza beste wangu ratiba ya mitihani, si kwa sababu nina mtihani, ila ili nijue wiki gani niongee kama mtu aliyechoka. Nilipanda matatu kwenda chuoni, nauli kwenda na kurudi, nipigwe picha nje ya maktaba na nirudi nyumbani. Simu yake ikiingia natoka kwenye kelele kwanza. Ikiingia saa nne asubuhi siipokei, kwa sababu mtu aliye darasani hapokei. Niliweka status mbili, moja ya watu wote na moja ya familia. Chukua siku yangu yoyote ya wakati huo uitoe hizo shughuli, utabaki na kitu kidogo sana. Baiti 8, pengine.

Mwishowe hata hakunishika kwa kosa langu. Muhula uliofuata aliamua tu kunipunguzia kazi, alipe mwenyewe moja kwa moja. Aliuliza ofisini, wakaangalia, wakamwambia huyu hajasajiliwa tangu mwaka jana. Alinipigia jioni hiyo.

"Uko wapi?"

"Niko darasani, mathe. Tuna ya jioni."

Akanyamaza kidogo. "Sawa, baba." Akakata.

Hakuuliza kama nimekula. Hapo ndipo nilijua anajua. Kesho yake nilipanda gari.

Sitawaambia yote yaliyosemwa kwa kibanda, mengine ni yake. Hakupiga kelele. Aliendelea kushona, miguu inakanyaga, na ile sauti ya cherehani ilikuwa mbaya kuliko matusi. Niliongea kama dakika ishirini. Nilipomaliza alisema pesa nitarudisha yote, si kwa sababu anaihitaji, ila kwa sababu ilikuwa na kazi yake. Kisha akauliza, "Na huko kwa hiyo nyumba huwa unafanya nini mchana kutwa?"

Nikamwonyesha. Sijui kwa nini nilichagua hiyo. Ningemwonyesha video yenye watu wengi, ningemwonyesha pesa iliyoingia. Nilitoa laptopu nikamfungulia ile programu ya 35, nikamweleza heshi, nikageuza, ikaandika 1.

Aliiangalia muda mrefu. Akanyosha mkono akavuta kipande cha kitambaa cha sare, kile cha miraba midogo ya buluu na nyeupe kama ubao wa drafti, akakigeuza upande juu ya meza. "Hii?" akasema. "Ukigeuza haijulikani." Ndiyo hiyo, nikasema, ndiyo hiyo kabisa! Kwa mara ya kwanza maishani mtu alikuwa ameelewa kitu changu bila mimi kuchora.

"Ngoja. Vuta."

Nikavuta kwa urefu. Akanigeuzia. "Vuta sasa." Kwa upana kilinyumbuka zaidi, kidogo tu, lakini mkono unahisi. Akasema macho hayawezi kujua, lakini gauni lililokatwa vibaya litajua baada ya kufuliwa mara tatu. Fundi anakata kwa urefu hata kama miraba inafanana. Kile cha ndege ama maua yanayotazama juu ndicho kinakula kitambaa, kwa sababu vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, huwezi kuvipanga vikabanana.

Nikamwambia programu haina unyumbufu, ikigeuzwa ni ileile hadi baiti ya mwisho. Akakubali, hana shida na hilo. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye zile heshi.

"Na hizi ni za nini?"

"Hazifanyi kitu. Ni za kujaza, ili isomeke upande ule mwingine."

Akahesabu kwa midomo. Akaangalia mstari wa pili. "Kwa hivyo umenunua mita tatu ukashona kola."

Nilicheka, yeye hakucheka. Akarudi kwa cherehani.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Nimerudisha 12,000 hadi sasa, kwa vipande vya elfu moja, vya mia tano, kuna mwezi nilituma mia mbili. Kila mara anajibu neno moja, "Imefika." Sijarudi chuoni na sijui kama nitarudi, na hilo anajua, na nikiwa sina kitu siku hizi namwambia sina kitu. Inashangaza jinsi simu inavyokuwa fupi.

Krismasi nilikuwa nyumbani, nikamwonyesha ile mraba ya PIA, IKO, AOE. Aliipenda kushinda programu. Akataka ya herufi nne. Nikamweleza ule ukuta wa irabu, kwamba lazima tuanzie chini. Tulizunguka siku mbili, anaandika kwa ile chaki ya kukatia nguo juu ya meza, mimi naandika kwa simu. Mstari wa chini niliupata mimi: UUAO, kama ukisema ugonjwa uuao. Basi wa kwanza na wa pili lazima viishe na U, wa tatu uishe na A. Yeye akatoa GUGU papo hapo, mtu aliyepalilia shamba maisha yake yote hakosi hilo. Hapo wa tatu ukajileta, UGUA. Ikabaki wa kwanza: herufi yoyote, halafu G, U, U.

Nilisema hakuna. Nilisema tubadilishe gugu. Alikuwa anakata mkono wa shati, hakuinua hata kichwa.

"Nguu."

"Nini?"

"Nguu. Juu kabisa kwa mlima. Huko chuoni mlikuwa mnasoma nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza atanie kuhusu chuo. Nikaangalia kwa kamusi, ikawa ni kweli:

NGUU
GUGU
UGUA
UUAO

Soma kulia, soma kushuka. Imebaki 6,500 na Ijumaa natuma elfu moja. Ya tano kwa tano hatujaipata, na mathe amesema neno kama AREPO la kujibunia halikubaliki mezani kwake. Ukiipata, niwekee hapo chini, nitampelekea.